Jinsi ya kuchagua hosteli ya chuo inayoendana na maisha yako, siyo inayopendeza kwenye picha

Mtu akishapata nafasi ya chuo swali la kwanza analouliza ni hosteli ipi nzuri, na majibu yanamiminika, mmoja anakwambia nenda ile mpya yenye tailizi, mwingine anakwambia usithubutu pale kelele usiku kucha, mwingine anashangaa kelele zipi mbona yeye kakaa miaka yote freshi tu. Na wote wanasema kweli. Yule wa kelele ni mtu anayelala saa tatu usiku na usingizi wake mwepesi, huyu mwingine hata dirisha livunjwe anakoroma. Kwa hiyo "ipi nzuri" haina jibu. Chenye jibu ni we unaishije, siku yako ya kawaida ikoje tangu unafumbua macho mpaka unazima taa, ukishajua hilo ndo unaweza kuanza kuangalia majengo, maana jengo lilelile linamfaa mwenzako na we linakutoa roho.

Anza na wiki yako

Fungua noti kwenye simu uandike wiki moja uliyoishi kweli, siyo wiki unayotamani kuishi. Hapa ndo watu wanajidanganya sana. Mtu tangu azaliwe hajawahi kuamka alfajiri kwa hiari yake ila akipewa fomu ya hosteli anajaza "naamka mapema, napenda utulivu", kisa anahisi akifika chuo atakuwa mtu mpya. Matokeo yake anapangiwa rumeti ambaye kweli anaamka saa kumi na moja alfajiri, afu yeye saa nane usiku ndo kwanza yuko katikati ya muvi, na hapo hakuna mwenye kosa ila wote wawili wanateseka mwaka mzima.

Andika unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi, unasomea wapi hasa (kitandani, mezani, maktaba, au unahitaji watu pembeni ndo unaelewa), unaongea na simu sana au hupendi, unapika au unanunua, unaoga asubuhi au usiku, ukichoka unajifungia ndani au unatafuta watu, una mazoezi, una kazi ya muda, unaswali saa ngapi, una pumu au mzio wa vumbi. Inaonekana mambo madogo lakini kila moja hapo lina chumba chake. Anayesomea maktaba hana haja ya kulipia zaidi ili apate meza kubwa, na anayesomea kitandani hata umpe meza ya mkurugenzi ataijaza nguo.

Afu piga hesabu ya usingizi kwa kurudi nyuma. Kwa vijana wa miaka 18 mpaka 25, National Sleep Foundation ya Marekani ilipendekeza mwaka 2015 masaa 7 mpaka 9 kwa usiku. Sasa chukulia kipindi cha kwanza ni saa mbili asubuhi, unahitaji saa nzima ya kuoga, kuvaa na kutembea, maana yake saa moja uko macho, na ukitaka masaa 8 inabidi saa tano usiku uwe umeshalala, siyo umepanda kitandani na simu. Basi hosteli ambayo korido inatulia saa saba usiku inakula masaa yako mawili kila siku ya kipindi cha asubuhi. Kama vipindi vyako vingi ni mchana na we mwenyewe ni popo, hosteli hiyohiyo haina shida na we kabisa, tena utaifurahia.

Aina za majengo, kwa haraka

Majina yanatofautiana chuo na chuo ila mpangilio ni ule ule. Kuna hosteli za korido ndefu, vyumba kushoto na kulia, mabafu na vyoo vya pamoja mwishoni. Kuna za vyumba viwili mpaka sita vinavyochangia sebule na bafu lao. Kuna chumba chenye choo na bafu ndani. Na kuna kupanga nje ya chuo, aidha hosteli za watu binafsi au nyumba na wenzako.

Korido ndefu watu wanaidharau lakini kwa mgeni asiyejua mtu ndo rahisi zaidi kupata marafiki, kwa sababu mnakutana kwenye maji, mnakutana kwenye ngazi, hata ukiwa mpole vipi ndani ya mwezi unajua majina. Na mabafu ya pamoja mara nyingi yana mtu wa kuyasafisha, wakati bafu la kwenu wanne ni la kwenu wanne, na siku ya tatu mnaanza kuangaliana nani kaliacha hivi. Kama we ni mtu wa kuchukia uchafu afu pia hutaki kugombana na mtu, fikiria hilo kabla hujaona bafu la ndani ni anasa. Chumba cha peke yako nacho kina pande mbili, usingizi unapata, ila kama ukiwa na mawazo huwa unajifungia, chumba hicho kinaweza kukumeza wiki nzima bila mtu kujua haupo sawa. Mi kwa mtu wa namna hiyo namshauri chumba cha wawili hata kama hela ya kukaa peke yake anayo.

Chumba chenyewe kiko wapi ndani ya jengo

Hapa watu wanapapita haraka na ndo penye mambo. Ndani ya hosteli moja, chumba namba fulani ni pepo na chumba cha tatu kutoka hapo ni mateso, kisa tu kimepakana na nini.

Kuhusu kelele, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 1999 lilishauri kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30 usiku. Maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kwa hiyo watu kusimama tu mlangoni kwako wanapiga stori bila hata kupaza sauti inatosha kukuamsha kama ukuta ni mwembamba. Zipo programu za simu za kupima desibeli, hazipo sahihi kama kifaa cha maabara lakini kwa kulinganisha chumba na chumba zinatosha sana, weka simu palepale mto utakapokaa, funga mlango na dirisha, subiri dakika tano.

Na nenda usiku. Wanaokutembeza watakutembeza saa nne asubuhi wakati wote wako darasani na jengo liko kimya kama la maonyesho. Omba kurudi saa nne usiku, au kama hairuhusiwi, simama nje ya jengo muda huo usikilize madirishani, au mpigie anayekaa pale usiku umwambie aweke simu korido kidogo. Ukiwa ndani ya chumba sikiliza vitu hivi, mlango wa korido unajibamiza au una kile kifaa cha kuufunga taratibu, maana mlango unaojibamiza karibu na kichwa chako utausikia kila anayeenda chooni na wanaenda usiku mzima. Mwambie mtu avute maji chooni kama ukuta wa kitanda umepakana na bafu, utasikia lile tangi linavyojaa, shhhh, dakika nzima. Angalia jenereta iko upande gani, chumba cha tivii kiko wapi, jiko liko wapi, uwanja wa mpira uko wapi. Gonga ukuta kwa vidole, ukilia kama boksi tupu jua utajua mambo yote ya jirani yako mpaka ya mapenzi.

Ila usikimbie watu kabisa, kama lengo lako ni kupata watu. Kuna utafiti maarufu wa mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake wawili, uliotoka mwaka 1950, walichunguza makazi ya wanafunzi wenye familia ya chuo cha MIT huko Marekani yaliyoitwa Westgate West, wakakuta kwamba waliopakana mlango kwa mlango ndo walikuwa marafiki zaidi, kama asilimia 41, waliotenganishwa na mlango mmoja katikati ikashuka mpaka 22, na waliokaa ncha mbili za ghorofa moja ikabaki 10. Na hapo tunaongelea umbali wa mita chache tu. Zaidi ya hapo, waliokaa vyumba vya chini karibu na ngazi na masanduku ya barua ndo walikuwa na marafiki wengi wa ghorofa ya juu, kwa sababu kila mtu anapita kwao. Kwa hiyo chumba cha karibu na ngazi kina bei yake na faida yake. We ni mgeni, mpole, unataka kujulikana? Karibu na ngazi kunakufaa, nunua tu vizibo vya masikio. Una marafiki tayari na unataka kupiga msuli? Mwisho wa korido, upande usio na bafu.

Ghorofa nayo. Chini ni rahisi kubeba mizigo, rahisi kwa mwenye mguu mbovu au anayetumia kiti cha magurudumu, ila wapita njia wanakuchungulia na dirisha inabidi ulifunge ukitoka. Juu kabisa kuna hewa na kimya, hakuna anayekukanyaga kichwani, ila kama paa ni bati na hamna dari nzuri mchana ni tanuri, na maji yakiwa na presha ndogo wa juu ndo wa kwanza kukosa. Usiulize "maji yapo?" maana utajibiwa yapo. Uliza "ghorofa hii yanakatika saa ngapi", afu fungua bomba mwenyewe, ikiwezekana asubuhi wakati wote wanaoga. Na chumba kinachoangalia magharibi kinapigwa na jua la mchana mpaka jioni, kwa hiyo kwenye joto muda unaorudi kupumzika ndo chumba kimeiva. Cha mashariki kinakuamsha na jua, wengine wanalipenda hilo.

Rumeti ndo nusu ya hosteli

Unaweza kupata jengo la ndoto zako, ukuta mnene, maji masaa yote, afu ukapewa mtu anayeweka alamu sita na haamki hata moja. Imeisha hiyo.

Na athari yake siyo ya kero tu. Watafiti wawili, Ralph na Todd Stinebrickner, waliwafuatilia wanafunzi wa Berea College huko Marekani ambako mwaka wa kwanza wanapangiwa rumeti bila kuchagua, wakaona (utafiti wao ulitoka 2008) kwamba mwanafunzi ambaye rumeti wake kaja na mashine ya magemu alisoma pungufu kwa kama dakika 40 kwa siku na matokeo yake yakashuka. Gemu siyo lake, la mwenzake. Sasa piga hiyo dakika 40 kwa semista nzima. Simaanishi mtu wa magemu ni mbaya, namaanisha kilichopo ndani ya chumba kitakuvuta hata kama hukukileta we, kwa hiyo jiulize we unavutwa na nini.

Kama mnaruhusiwa kuchaguana, usikimbilie rafiki yako wa damu kwa sababu tu mnapendana. Rafiki wa kutoka naye na mtu wa kulala naye chumba kimoja ni vitu viwili. Rafiki anayechekesha kila mtu ndo huyohuyo chumba chake hakikosi wageni. Wengi waliokaa na marafiki wa sekondari wamemaliza mwaka hawasalimiani, na wengine wamekaa na mtu wasiyemjua kabisa, hawakuwa marafiki wakubwa, lakini waliheshimiana na wakafaulu vizuri. Kitu cha kutafuta kwa rumeti ni ratiba inayofanana na usafi unaofanana, hayo mengine ni bonasi.

Mkishajuana mpigie simu kabla ya kufungua chuo na umuulize maswali yenye majibu ya kweli. Ukimuuliza "we ni msafi?" nani atakwambia ni mchafu. Muulize hivi: "ukimaliza kula vyombo huwa unaviosha saa ngapi?" Muulize Jumamosi yake inakuaje. Muulize akiwa na pepa kesho anasoma wapi na taa inazimwa saa ngapi, anaongea na mpenzi wake ndani au anatoka nje, anaonaje mtu kutumia vitu vyake bila kuomba, na mgeni kulala anachukuliaje. Hili la mgeni lisipite juujuu. Kuna wanaobebana, yaani mtu asiyepangiwa chumba anaingia kwa rafiki yake "siku mbili tatu" afu anakaa semista, na vyumba vya wawili vinakuwa vya wanne, maji hayatoshi, vitu vinapotea na hakuna wa kumshika. Kama hutaki sema mapema, wiki ya kwanza, kabla mgeni hajaja na begi, maana akishaweka begi we ndo utaonekana mwenye roho mbaya.

Mkikubaliana mambo matano sita yaandikeni hata kwenye meseji tu mbaki nayo wote. Taa, wageni, usafi zamu zamu, kuazimana vitu, miziki. Inaonekana kama mnaandikishana mkataba wa ndoa ila siku mkikorofishana inasaidia sana kusema "si tulikubaliana" kuliko "mi naona".

Ukaguzi wa chumba

Beba futi au tumia simu kupima. Picha za matangazo zinapigwa na lenzi inayopanua, chumba cha mita 3 kwa 3 kinaonekana ukumbi. Kitanda cha kawaida cha mtu mmoja ni kama sentimita 90 kwa 190, vitanda viwili peke yake vinakula karibu mita za mraba tatu na nusu, kwenye chumba cha mita 9 za mraba ukitoa kabati mbili na meza mbili na sehemu ya mlango kufunguka, mnabaki mnapishana kiubavu. Ndo maana wanaweka dabodeka. Dabodeka nayo iangalie, panda juu uitikise, kama inalia kila ukigeuka basi wa chini hatalala na wa juu hatalala. Kaa juu uone kama kichwa kinagusa dari au feni. Wa chini anapata giza na faragha akiweka pazia, ila kitanda chake kinageuka benchi la wageni wote, wa juu hasumbuliwi ila akiugua au akiwa na mazoea ya kuamka usiku mara kwa mara anajuta.

Ukuta wenye unyevu unanuka, iamini pua yako. Angalia nyuma ya kabati na kona ya juu ya dirisha, madoa meusi ni kuvu, na ukiona kipande kimoja tu cha ukuta kimepakwa rangi mpya na kwingine kuna rangi ya zamani, kiguse kama kina ubaridi wa maji, inawezekana wamefunika. Kwa mwenye pumu hicho chumba akiache hata kama ni cha bure. Dirisha lifunguke kweli, siyo lile limepakwa rangi mpaka limegandana, na kama kuna nafasi ya upepo kupita kutoka dirishani mpaka juu ya mlango basi umepata chumba.

Umeme. Hesabu soketi na uangalie ziko wapi, maana soketi moja nyuma ya kabati kwa watu wawili wenye laptopu mbili na simu mbili ni ugomvi unaosubiri. Na uulize kinachoruhusiwa. Kwenye umeme wa volti 230, saketi ya ampea 10 inabeba wati 2,300 tu, birika la umeme peke yake linaweza kuvuta wati 2,000 na pasi ni wati 1,000 na zaidi, kwa hiyo mmoja akichemsha maji na mwingine akinyoosha shati kwenye saketi moja, swichi inajikata na upande mzima unazimika. Au mbaya zaidi isijikate, ekstensheni ndo inachemka. Wakikataza birika chumbani usidhani wanakuonea. Kama we maisha yako hayaendi bila kuchemsha na kupika, tafuta hosteli yenye jiko la ghorofa, usiingie isiyo na jiko ukitegemea kuficha jiko la koili chini ya kitanda.

Waifai usiipime mapokezi, hapo ni lazima iwe nzuri. Ingia chumbani, funga mlango, kaa kitandani afu piga simu ya video. Masafa ya 5 GHz yana kasi ila yanachoka haraka kwenye kuta, ya 2.4 GHz yanafika mbali ila yanajaa watu, ndo maana chumba cha pembeni kabisa cha korido unaweza kuona mtandao umejaa vijiti viwili na hamna kitu kinafunguka. Jaribu pia usiku wakati wote wanatumia. Na angalia laini yako ya simu inashika vipi, kwa sababu waifai ya chuo inachagua kufa siku ya kutuma asaimenti.

Usalama kwa kifupi lakini usiuruke: mlango una kitasa kinachofunga kutoka ndani bila funguo, kuna njia ya pili ya kutokea moto ukizuka upande wa ngazi kuu na hiyo njia haijafungwa kwa kufuli wala haijageuzwa stoo, nondo za dirishani kuna mahali zinafunguka, mitungi ya kuzimia moto ina tarehe ya kukaguliwa. Nenda mwenyewe mpaka kwenye huo mlango wa dharura uusukume. Kabati iwe na sehemu ya kuweka kufuli lako.

Umbali, sheria na hela

Mwendo wa kawaida wa mguu ni kama kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo kilomita moja ni dakika 12. Hosteli ya kilomita mbili ukienda na kurudi mara mbili kwa siku ni saa moja na dakika 36 barabarani. Kuna mtu hilo linamfaa kabisa, anatembea anapumzisha akili, na kuna mtu mwenye mapengo ya saa moja moja kati ya vipindi ambaye hatarudi chumbani mchana kutwa, huyo anahitaji kukaa karibu au akubali maktaba ndo chumba chake cha mchana. Chora ratiba yako kwanza. Na pita hiyo njia usiku, kama unatoka maktaba saa nne na njia ina giza, hapo ada nafuu ya hosteli utaimaliza kwa nauli au kwa woga.

Sheria zisome kabla hujalipa. Geti linafungwa saa ngapi na ukichelewa inakuaje, hasa kama una kazi ya muda au mazoezi ya jioni. Wageni mpaka saa ngapi. Likizo hosteli inafungwa au unabaki, na kama inafungwa vitu vyako vinakaa wapi. Malipo ni ya semista au ya mwezi, ukihama katikati hela inarudi au ndo sadaka. Kwa wanaopanga nje, uliza mkataba ni miezi mingapi maana masomo yanaweza kuwa miezi tisa na mkataba miezi 12, unalipia nyumba uliyoifunga.

Hela usilinganishe kodi kwa kodi. Jumlisha kodi, nauli, maji na umeme kama viko nje, intaneti, kufua, na chakula, kwa sababu hosteli isiyo na jiko inakulazimisha kununua kila mlo. Ukifanya hesabu hiyo kwa mwezi mzima utakuta mara nyingi ile ya "bei nafuu" iliyo mbali inapishana kidogo sana na ya ndani ya chuo, na wakati mwingine inazidi.

Uliza waliokaa, ila uliza vizuri

Anayekaa pale sasa hivi ana habari kuliko tovuti, ila ukimuuliza "panakuaje" atakwambia pako poa. Muulize kitu gani kilimuudhi wiki iliyopita. Muulize taa ikiungua inachukua siku ngapi kubadilishwa, hapo utajua uongozi mzima ulivyo. Muulize akipewa nafasi ya kurudia atachagua palepale au wapi na kwa nini, afu umuulize na yeye analala saa ngapi, ili ujue majibu yake uyapime kwa mtu wa aina gani. Usisahau kuongea na wanaosafisha na mlinzi wa usiku, wasalimie vizuri, hao ndo wanajua ghorofa ipi inalala na ipi hailali.

Ukishapata majibu, chagua vitu vitatu tu ambavyo hutavumilia kukosa. Siyo kumi. Ukiweka kumi hakuna hosteli duniani itapita na utaishia kuchagua kwa picha. Mmoja atasema kimya, maji, karibu na darasa. Mwingine atasema jiko, watu, bei. Mwingine lifti, usalama wa usiku, bafu la ndani kwa sababu ya afya yake. Hivyo vitatu usivipunguze hata wakikuonyesha tailizi, vingine vyote viache vije vyenyewe.

Kama huchagui, unapangiwa tu

Vyuo vingi mwaka wa kwanza ndo hivyo. Basi nguvu yako iko kwenye fomu, ijaze mapema maana nafasi zinaisha, na ijaze kwa ukweli wa ile wiki uliyoandika mwanzo. Kama una sababu ya kiafya, pumu, ulemavu, dawa za kuweka kwenye friji, peleka karatasi ya daktari pamoja na fomu, usisubiri kupangiwa ghorofa ya nne ndo uanze kulalamika.

Siku ya kuingia, kabla hujafungua begi, piga picha kila kilichovunjika, kitasa, kioo, godoro lenye doa, soketi iliyolegea, na umtumie msimamizi siku hiyohiyo, la sivyo mwisho wa mwaka vyote utavilipia we. Godoro lipige jua na lichunguze kwenye mishono kama lina kunguni, vidoa vyeusi vidogo kama ncha ya kalamu ndo alama yao. Ukiona hivyo usilalie hata usiku mmoja, omba libadilishwe kwanza na begi lako liache mbali na kitanda.

Na kama chumba au rumeti kweli hakuendi, omba kubadilishwa ndani ya wiki mbili za kwanza, muda huo bado kuna ambao hawajaripoti na kuna wanaotaka kubadilishana na we. Tafuta mwenyewe mtu wa kubadilishana naye, aliyekuwa upande wa kelele anataka kimya na kinyume chake wapo wengi, nendeni wote wawili ofisini na barua fupi yenye namba za vyumba vyote viwili na saini zenu. Msimamizi ambaye angekuzungusha mwezi mzima kwa malalamiko anasaini hiyo barua fasta, kwa sababu hana kazi ya kutafuta tena, na funguo zinabadilishana mikono siku hiyohiyo.